Dodo ilisingiziwa: kisa cha juisi ya Sinza, kutoka vuli hadi masika

Wiki ya kwanza ya Januari, mama mmoja wa Sinza anayeuza juisi na matunda ya kukata alinipigia simu akiwa na shida ndogo tu: nimwandikie maneno ya kubandika kwenye chupa zake. Alitaka yasomeke "Juisi ya embe Apple tupu". Dodo, alisema, ameshaiacha. Imemtia aibu mbele ya wateja wa ofisini, na kwa umri aliofikia haoni sababu ya kuaibishwa na embe.

Kazi yangu ni kukaa na wasindikaji wadogo kama yeye, watu wa blenda mbili, friji moja na vijana wawili watatu wa kupeleka chupa kwa bodaboda. Maneno ya lebo ningeyaandika kwa dakika kumi. Kilichonizuia ni hilo la kuiacha dodo. Mtu aliyekulia pwani haachi dodo hivi hivi, kama asivyoacha nazi. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza imemkosea nini hasa.

"Mwanangu, Novemba nzima watu wananirudishia chupa. Juisi nyepesi, chachu, inaacha ukakasi ulimini. Desemba nikahamia Apple, kelele zikakoma. Sasa unataka ushahidi gani tena?"

Ushahidi wenyewe ulikuwa na sura nzuri, lakini kati ya Novemba na Desemba vilibadilika vitu vitatu kwa mpigo. Aina ilibadilika. Mwezi ulibadilika. Na mkono uliochuma ulibadilika pia: dodo za Novemba alizinunua kwa dalali pale Buguruni, maembe ya miti mingi yaliyokusanywa kwenye tenga moja, Apple za Desemba zilitoka shamba moja la Mkuranga ambalo mwenyewe huchuma kwa mkono wake na kuleta kwa gari lake. Mama alikuwa ameibebesha aina peke yake mzigo wa wote watatu.

Nilikwenda Sinza Jumamosi ile. Hana chombo cha kupimia utamu, lakini nilikuta ana kitu ambacho kwangu kilikuwa sawa na kuokota dodo chini ya mnazi: daftari la sukari. Kwa kila ndoo ya lita 20 ya juisi, binti yake huonja, huongeza sukari mpaka ladha ikae, kisha huandika kilo zilizotumika, tarehe, na embe gani. Daftari lilianzishwa kwa sababu sukari ilikuwa ikipotea jikoni na kila mtu akiapa hajui. Halikukusudiwa kuwa kitabu cha utafiti, na pengine ndiyo maana lilikuwa la kweli kuliko vitabu vingi.

Novemba, dodo: kilo mbili na nusu kwa ndoo, siku nyingine karibu kilo tatu. Desemba, Apple: kilo moja, mara chache moja na robo. Mama akanitazama kwa lile jicho la "nilikwambia". Nikaendelea kufunua. Tarehe 27 hadi 29 Desemba, gari la Mkuranga halikuja kwa sababu ya sikukuu, na kijana wake akakimbilia soko la Mabibo akarudi na tenga mbili za dodo. Binti aliandika kama kawaida yake: dodo, kilo moja na robo.

"Hizi ni dodo, mama."

Akachukua daftari, akavaa miwani. "Hata sikumbuki. Hakuna aliyelalamika."

Kwa hiyo dodo ya mwisho wa Desemba ilihitaji sukari karibu sawa na Apple ya mwezi uleule, na nusu tu ya ile ya dodo ya Novemba. Tofauti kubwa ilikuwa ndani ya aina moja, kati ya mwezi na mwezi. Mistari mitatu ya mwandiko wa binti yule ilitosha kunifanya nisiandike lebo.

Lazima niongeze jambo ambalo halimo daftarini. Novemba embe ni ghali. Tenga ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya Januari. Nilimuuliza kama mwezi ule hakuongeza maji kidogo ili ndoo ijae. Alicheka, akaniletea chai. Kwa hiyo wepesi wa juisi ya Novemba siuweki wote kwenye embe. Uchachu na ukakasi, hayo maji hayaleti.

Tulifanya jaribio wiki ya pili ya Januari, ili vitu vile vitatu vitenganishwe. Mwezi uwe mmoja, aina ziwe mbili, na mikono ya wachumaji iwe tofauti. Tulinunua dodo 40 kwa dalali yuleyule wa Buguruni. Tukachukua dodo nyingine 40 kwa mzee mmoja wa Kisarawe ambaye huchuma kwa awamu, kila mti mara tatu au nne, akiacha yasiyokomaa. Na Apple 40 za Mkuranga. Yote yalikuwa bado magumu, hayajaiva. Kisha tukaleta chombo cha kwanza cha maabara yetu, ndoo kubwa ya maji.

Embe likikomaa mtini hujaza wanga, na nyama yake huwa nzito kuliko maji. Embe changa bado lina wanga kidogo, ni jepesi, hivyo mara nyingi huelea. Si kipimo cha mahakamani, kwa sababu embe lenye uwazi ndani linaweza kukudanganya, lakini kwa mtu aliyesimama uani na matenga matatu hakuna kilicho rahisi zaidi. Vijana wa bodaboda walijipanga kutazama kama mechi. Dodo za dalali: 17 kati ya 40 zilielea. Za mzee wa Kisarawe: 3. Apple: 4.

Tuliyatia alama kwa kalamu ya wino mzito, yaliyozama na yaliyoelea, tukayavundika kwenye magunia sakafuni siku sita. Siku ya saba nilikuja na refraktomita yangu ya mkononi, kile kidude kama darubini fupi ambacho unadondoshea tone la juisi na kusoma kipimo cha Brix, yaani kwa makadirio gramu za sukari katika kila gramu 100 za juisi. Dodo za dalali zilizoelea zilikuwa zimenyauka ngozi, zimejikunja kama kiganja kilichokaa majini, na wastani wake ulikuwa 10.8. Dodo za dalali huyohuyo zilizozama zilisoma 16.1. Za Kisarawe 16.9. Apple 16.4.

Ukiweka dodo pevu na Apple pevu pamoja, tofauti yake ni nusu kipimo, na mbele yake ni dodo ya Kisarawe. Ukiweka dodo pevu na dodo changa, tofauti ni zaidi ya vipimo vitano. Mama alionja zote kwa kijiko kimoja baada ya kingine, akarudi kwenye zile zilizoelea, akakunja uso. "Hii ndiyo Novemba yangu," akasema.

Nilikuwa nimeleta matunda machache. Maembe kumi kwa kila kundi ndiyo yaliyokatwa, na mtu wa takwimu angenicheka. Lakini pengo la vipimo vitano huliona hata kwa macho, na ulimi wa mama aliyeuza juisi miaka kumi na sita ulilitambua bila kuambiwa lipi ni lipi.

Sasa kwa nini Novemba? Embe ni katika matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa, kama ndizi na papai. Likikomaa mtini, ulichume gumu na la kijani, wanga wake utageuka sukari ghalani kwako na asidi itapungua. Lakini haliwezi kugeuza wanga ambao halikuwahi kuuweka. Tangu ua lifunge hadi embe likomae hupita miezi mitatu hadi mitano, kutegemea aina na joto la mahali, na wiki za mwisho ndizo za kujaza. Ukilikata kabla, ukalivundika hata kwa majani ya mgomba na dua, litalainika na kupata rangi, na ndani litabaki chachu. Wanaotumia kabaidi kwa embe changa kama hilo wanaharakisha rangi na ulaini tu. Unga ule ukipata unyevu hutoa gesi inayoiga ile inayoivisha tunda, na ule wa viwandani huja na mabaki ya aseniki. Sukari ya embe changa hauiongezi hata punje.

Na mwanzo wa msimu ndio wakati ambao kila mtu ana sababu ya kuchuma mapema. Nilikaa na dalali wa Buguruni kwenye benchi lake nikamuuliza bila kumshutumu. Alinieleza kama mwalimu. Wateja wanaanza kuulizia embe tangu Oktoba. Wa kwanza kuingiza tenga ndiye anayepanga bei. Mwenye mti kijijini anataka ada na sare za Januari. Na embe likiachwa juu, kunguru wanalo, ngedere wanalo, watoto wanaotoka shule wanalo. "Mkuu, embe la kungoja ni la wote," akaniambia, "la kuchuma ni langu." Mnunuzi wa mti mzima huupiga mti wote kwa siku moja, pevu na changa, kwa sababu hatarudi.

Kwa hiyo "dodo ya Novemba" ilikuwa jina la tabia ya soko zaidi kuliko jina la tunda. Ingekuwa Apple ndiyo inayofika Buguruni kwanza kwa njia hiyo, Apple ndiyo ingeachwa, na mimi ningeombwa kuandika "Juisi ya dodo tupu".

Lakini nisiitetee dodo kupita kiasi, maana ina doa ambalo Apple haina. Miti mingi ya dodo kwenye mashamba ya zamani ya Pwani imeota kwa kokwa. Bibi alikula, akatupa, mche ukaota, ukaachwa. Mti wa kokwa waweza kufanana na mama yake au usifanane, na tenga moja la dodo laweza kuwa na ukoo mzima wa ndugu wasiofanana: hili lina nyuzi, hili halina, hili kokwa lake kama kiatu. Apple, iliyotokea pwani ya Kenya, hupandwa kwa miche ya kubebesha, yaani ya kuunganishwa, kila mti ukiwa nakala ya mwingine. Hata Keitt na Kent, aina nyingine za embe zilizoletwa kutoka Florida, ni vivyo hivyo. Nilipokata zile dodo za Kisarawe, zilizozama zote, kipimo cha chini kabisa kilikuwa 14.2 na cha juu 19. Apple zilibanana kati ya 15 na 17 na nusu. Mtu wa juisi anayetaka ndoo ya Jumatatu ifanane na ya Ijumaa ana haki ya kuipenda Apple kwa sababu hiyo. Kwa sababu ya utamu, hapana.

Tofauti nyingine za aina zilijionyesha kwenye mizani na kwenye chujio. Apple ilitoa nyama nyingi kwa uzito wake na kukamuliwa bila kuziba chujio. Dodo ilitoa juisi nzito zaidi, ya rangi iliyokolea, na harufu ambayo ukifungua mlango wa jiko unaijua. Tuliongeza sindano kidogo kwa udadisi, vile viembe vyembamba vya watoto. Nyuzi zake zilimtoa jasho kijana wa kuchuja, lakini lita moja ya sindano ndani ya ndoo ya Apple iliipa harufu ambayo wateja wanne kati ya kumi na wawili niliowaonjesha waliitaja wenyewe. Asidi alinipimia rafiki yangu wa maabara kwa sampuli chache: dodo zilizoelea zilikuwa na karibu mara tatu ya asidi ya zilizozama. Hapo ndipo ukakasi na uchachu wa Novemba ulipo, na sukari ya kilo mbili na nusu ilikuwa ikijaribu kuufunika.

Na wekundu wa shavu? Mama alikuwa akichagua Apple kwa wekundu. Shavu jekundu ni la upande uliopigwa jua. Embe la kivulini la mti uleule huwa na rangi hafifu na utamu haulingani na rangi hiyo. Tulipanga Apple kumi nyekundu na kumi zilizopauka, zote zilizozama. Tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kupotea kwenye makosa ya kifaa changu. Kuangalia mabega ni bora: embe pevu hunenepa mabega mpaka yakapita pale kikonyo kilipoingia, na kikonyo kukaa kama kwenye bonde.

Kisa kingeishia hapo kama Februari isingeingia. Kwa kuwa Apple ilimtoa aibuni, mama alikuwa ameshakubaliana kwa mdomo na mwenye shamba wa Mkuranga kwamba atachukua Apple zake zote hadi mwisho wa msimu. Wiki ya pili ya Februari akanipigia tena. Safari hii hakusema dodo. Daftari la sukari lilikuwa limerudi kilo mbili, na pembeni binti ameandika neno moja, "harufu".

Nilitarajia kukuta embe changa. Hapana, yalizama karibu yote. Yalikuwa na madoa meusi yaliyokuwa yakipanuka, mengine ukikata nyama iliyozunguka kokwa imekuwa laini na ya majimaji huku ya juu bado ngumu, na machache yalikuwa na funza. Madoa meusi ni chule. Mvua za vuli ndizo zilizompa kuvu huyo njia: huingia kwenye ua au embe changa, akalala chini ya ngozi bila kuonekana, akaamka tunda linapoiva. Mama alidhani ni ugonjwa wa Februari, kumbe mbegu yake ilipandwa Novemba na Desemba. Funza ni wa nzi wa matunda, na aliyetutesa zaidi ni yule wa Asia aliyeonekana Afrika Mashariki mwaka 2003. Kadiri msimu unavyosonga na matunda yaliyoanguka yakiachwa chini ya miti, ndivyo wanavyozaana. Na ule ulaini kwenye kokwa huwapata hasa maembe yaliyoachwa mtini hadi yakapitiliza. Mwenye shamba, akijua mnunuzi ameshapatikana, hakuwa na haraka. Novemba tulilia na mikono yenye haraka, Februari tukalia na mkono uliotulia mno.

Hata hivyo hesabu haikutimia. Niliyachambua mabovu nikayatupa, nikapima yaliyobaki safi, na bado yalisoma kati ya 12 na 13. Embe lililozama haliwezi kusoma hivyo bila sababu. Nikauliza yanakaa wapi kabla ya kukamuliwa.

"Kwenye friji mpya."

Mwanawe alikuwa amemnunulia friji kubwa la kulala, la mtumba, tarehe 20 Januari. Apple za Mkuranga zilipozidi, zilikuwa zikiingia humo zikiwa bado za kijani, zikatolewa baada ya wiki au zaidi, kidogo kidogo. Nilitia kipimajoto ndani: nyuzi 5.

Embe ni la nchi ya joto. Likiwa bado halijaiva, chini ya nyuzi 12 au 13 hivi huanza kuumia: ngozi hupata mabaka ya kijivu, kuiva hukwama, harufu hufa, na chule aliyelala hukuta mwenyeji hana nguvu ya kumpinga. Halionyeshi maumivu likiwa ndani ya friji. Huonyesha ukilitoa, siku mbili tatu baadaye, na ndipo unapolaumu shamba.

Sikutaka kumwambia hivyo kwa maneno, maana friji ni zawadi ya mtoto. Tuligawa tenga moja la Apple: 20 frijini siku tisa, 20 sakafuni juu ya magunia kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha. Za sakafuni ziliiva zote, tukazikamua kwa wakati wake na kuandika: 15.2. Za frijini zilipotolewa na kuachwa ziive, ngozi zilipauka kama kitambaa kilichofuliwa kwa jiki, nyingine hazikulainika kamwe, na wastani ukawa 12.4. Mwana alikuwepo siku ya kukata. Aliangalia maembe, akaangalia friji, akasema litafaa kwa soda. Linafaa pia kwa embe lililokwisha kuiva, kwa siku chache, na zaidi kwa nyama iliyosagwa na kugandishwa, jambo ambalo ndilo lililokuja kuliokoa.

Angalia sasa picha nzima ya Apple. Januari 16.4, mwisho wa Februari 15.2 ikitunzwa vizuri, 12.4 ikipitia frijini. Msimu wenyewe uliipunguzia kipimo kimoja na kitu, yale maembe ya mwisho mtini, madogo, yaliyobaki nyuma. Friji ilipunguza karibu vitatu. Kama ningeandika tu "Apple ya Februari ni mbaya", ningekuwa nimerudia kosa la mama la Novemba kwa kutumia refraktomita.

Shamba lile la Mkuranga lina pia mistari michache ya Keitt, ambayo tabia yake inajulikana: huchelewa kukomaa kuliko nyingi. Mwenye shamba hakuwahi kumtajia mama kwa sababu wanunuzi wa Dar huzikataa. Keitt ikiiva hubaki kijani. Unaibonyeza ni laini, unaikata ni ya manjano iliyokolea, haina nyuzi za kutaja, lakini kwa nje inaonekana kama embe la kula na chumvi na pilipili. Wiki ya mwisho ya Februari tulipima kumi: 16.7. Hizo ndizo zilizokuwa katikati ya msimu wake wakati Apple inamaliza wake. Kulinganisha Apple ya mwisho na Keitt ya katikati kisha kusema Keitt ni tamu kuliko Apple nako si haki. Ungesubiri uone Keitt ya Aprili, masika yakiwa yameshika.

Alichofanya mama kuanzia hapo ni chake, mimi nilitoa maoni tu. Lebo ikaandikwa "Juisi ya embe", basi, bila ukoo. Apple inabaki mhimili wa Desemba na Januari. Dodo ananunua kuanzia katikati ya Desemba, si Novemba, na zaidi kwa mzee wa Kisarawe, ambaye hutoza zaidi na hapunguzi hata umsihi kwa jina la marehemu. Nyama ya Januari inasagwa, inafungwa kwenye mifuko ya kilo mbili na kugandishwa kwenye lile friji, na mwana anaona zawadi yake inafanya kazi. Nilipendekeza pia kuyatumbukiza maembe kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika tano ili kumpunguza chule. Alijaribu mara moja bila kipimajoto, akachemsha tenga zima. Hatujarudi huko.

Kwa dalali wa Buguruni kulikuwa na mvutano. Mama alikwenda na ndoo yake, akajaza maji kwenye bomba la soko, akasema yatakayoelea hanunui. Dalali akamwambia hajawahi kuona embe likipimwa uogeleaji, watu wakacheka, mama akakaza. Walifika mahali pa katikati: yaliyoelea anayachukua kwa nusu bei na kuyauza kama embe bichi za chumvi na pilipili nje ya shule, ambako uchachu ndio unaotafutwa. Hilo sikulifikiria mimi. Mara ya tatu nilipopita pale, dalali alikuwa na ndoo yake mwenyewe, anawapimia wateja wengine yaliyozama na kuwatoza ziada.

Keitt ndizo zilizogoma kwenye matunda ya kukata. Mama aliziweka mbele kabisa ya meza, akakata kidirisha kwenye kila moja ili watu waone umanjano ndani, akaonjesha bure. Walionja, wakasifu, wakanunua papai. Kufikia Machi katikati, wingu la masika likiwa limeshaanza kukusanyika upande wa bahari, kati ya Keitt 60 zilikuwa zimebaki 14, zimeiva kabisa na bado za kijani. Zote zikaingia kwenye ndoo ya Ijumaa. Binti akaonja, akaandika: Keitt, sukari robo tatu.